Kabla ya Pawabenki Kulikuwa na Kipande

Watu wangu wa Eldy, niliwauliza hamtoki kwa nyumba bila nini. Simu, chaja, pawabenki, sweta juu ya hii baridi yetu. Halafu karibu wote mkaongeza ID. Wazee wengine bado huiita kipande, na hilo jina limetoka mbali.

Sheria ya kipande ilipitishwa na Waingereza 1915, ikaanza kufanya kazi baada ya vita. Mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alibeba karatasi yenye jina lake, kabila, alama za vidole, kazi na mshahara wake. Ilikaa ndani ya kikopo cha chuma, unaning'iniza shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, ile kengele ya mbuzi. Mimi sioni mzaha hapo, naona hasira.

Sasa jiweke kwa viatu vya kibarua wa shamba la setla hapa Uasin Gishu. Bosi asipoandika kwa kipande kwamba amekuachilia, hakuna mtu wa kukuandika kazi kwingine. Ukihepa, wewe ni mhalifu, na vidole vyako viko kwa faili. Setla mwenyewe? Shingo yake ilikuwa wazi. Harry Thuku na wenzake walilipinga hilo 1921, lakini sheria ya kusajili watu wa rangi zote ilikuja 1947.

Mimi hubeba vitu vinne. Vitatu nilijichagulia. ID nikiisahau, hata kama nimefika steji, narudi nyumbani kuichukua.