Caguwa la nyuzi nne

Ukiwa Kabeza, jirani na uwanja wa ndege wa Kigali, nguo iliyokwisha kuvaliwa huitwa caguwa. Ni “chagua” yetu iliyohamia Kinyarwanda. Dar es Salaam tunasema mtumba, na neno hilo linataja mzigo. Wanyarwanda wamelitaja tendo la mnunuzi. Hata ushuru wa Rwanda wa 2016 kwa nguo hizo, uliopanda kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, haukulifuta neno caguwa.

Kwa anayepiga gitaa la besi kwa kujifurahisha, naona caguwa ndilo neno zuri zaidi, maana besi iliyotumika haibebwi tu. Tazama shingo kwa urefu wake: nyuzi nne nene huivuta sana, nayo hupinda. Bonyeza kila uzi kwenye kila kituo cha shingo, usikilize mkwaruzo. Ichomeke kwenye amplifaya, zungusha vitufe vya sauti. Vikikoroma, omba upunguziwe bei. Mkanda mpana usisahau (bega litakushukuru), na nyuzi mpya ziingize kwenye hesabu mapema, kwani seti ya besi ni ghali kuliko ya gitaa la kawaida.

Muuzaji akikukataza kuijaribu, mwachie gitaa lake.