Walimu wa UPE: Somo kwa Mchango wa Mwaka Huu

Ndugu zangu wa nyumbani,

Kila tunapokutana kuchangia shule zetu, hoja ni ileile: kijana asiye na cheti cha ualimu aachwe afundishe, au darasa likae bila mwalimu? Nchi yetu iliwahi kulijibu swali hili, na jibu lile linafaa kukumbukwa kabla hatujafungua mifuko.

Novemba 1974, Azimio la Musoma lilisogeza lengo la elimu ya msingi kwa wote kutoka 1989 hadi 1977. Wanafunzi wa shule za msingi wakaongezeka kutoka takriban milioni 1.2 mwaka ule hadi zaidi ya milioni 3 mwaka 1980. Vyuo vya ualimu visingeweza kuwatosheleza. Ndipo Serikali ikachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawafunza ualimu wakiwa kazini vijijini.

Walibezwa, na jina “mwalimu wa UPE” likawa dhihaka. Lakini tukifunga hesabu tusome pande zote mbili za daftari. Vijana wale hawakuachiwa chaki tu. Walisoma kwa posta na redio, wakufunzi wakawafuata walipo, wakamalizia chuoni kwa wiki chache. Zaidi ya 35,000 walihitimu, na wengi wetu tulijulia kusoma mikononi mwao.

Wanaodai vyeti nao wana haki. Darasa moja kwa mwalimu aliyejua zaidi kidogo tu ya wanafunzi wake lilikuwa na gharama, na aliyeilipa ni mtoto. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980, vitabu vikaadimika na mwalimu dhaifu akakosa pa kuegemea.

Kwangu mimi, somo ni hili: cheti kinaweza kufuata baadaye, lakini usimamizi na mafunzo haviwezi kusubiri.

Kwa hiyo naomba mchango wa mwaka huu uwe na mafungu mawili. La kwanza, posho ya walimu wa kujitolea. La pili, ada ya kuwapeleka chuo wale wasio na sifa. Tusitoe la kwanza bila la pili, maana tutakuwa tumenunua unafuu wa leo kwa deni la watoto. Na hesabu zote zibandikwe ukutani shuleni, kila mzazi azisome.

Haba na haba hujaza kibaba. Karibuni tuchange.