Nguruwe Bila Shamba: Samadi nchini Denmark na katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Tangu watafiti Stoorvogel na Smaling watoe hesabu yao mwaka 1990, rutuba ya udongo barani Afrika imejadiliwa kama suala la njaa. Walikadiria kwamba kila hekta inayolimwa kusini mwa Sahara ilipoteza wastani wa kilo 22 za nitrojeni kwa mwaka. Azimio la Abuja la 2006 kuhusu mbolea lilifuata mkondo huo, na mkutano wa mbolea na afya ya udongo uliofanyika Nairobi Mei 2024 ukaurudia. Hapo ndipo huzaliwa ushauri mwepesi: Denmark imefurikwa na samadi, basi iweke mipaka ya samadi; Kenya ina upungufu, basi mipaka hiyo haituhusu. Nadai kuwa ushauri huu ukiletwa Korogocho, Dandora au Njiru, mitaa ya Eastlands wanakofugwa nguruwe, ni wa hatari, kwa sababu wastani wa nchi nzima hausemi lolote kuhusu mtaa.

Tupige hesabu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 1991 kuhusu naitreti inaruhusu kilo 170 za nitrojeni ya samadi kwa hekta kwa mwaka. Nguruwe mmoja wa kunenepeshwa hutoa takribani kilo 10 kwa mwaka, kwa hiyo hekta inabeba nguruwe 17 hivi. Ploti ya futi hamsini kwa mia, kipimo kinachojulikana na kila mnunuzi wa ardhi Nairobi, haifiki hata nusu ya sehemu ya kumi ya hekta. Haki yake ni kilo 8: nguruwe mmoja haenei. Tuseme nguruwe wetu, anayelishwa mabaki, anatoa nusu ya kiwango hicho. Bado wawili wanaijaza ploti yote, na ploti yenyewe imeshajengwa nyumba. Nitrojeni hii haitoki Eastlands. Ilivunwa Kinangop na Kirinyaga, ikapakiwa lori hadi soko la Marikiti, ikaishia kwenye maganda na masalio ya hoteli yanayokusanywa kwa ajili ya mabanda ya nguruwe. Hasara waliyoihesabu Stoorvogel na Smaling shambani, sehemu yake tunaikanyaga sisi mitaroni. Kwa kipimo hiki Eastlands inafanana zaidi na Denmark kuliko inavyofanana na Kinangop.

Denmark ilijifunza kwa uchungu. Mwaka 1986 kambakoche walipatikana wamekufa katika bahari ya Kattegat kwa kukosa oksijeni. Mwaka uliofuata bunge likapitisha mpango wa kwanza wa kulinda maji. Mfugaji akalazimika kuwa na hifadhi ya samadi ya miezi mingi, na kuimwaga mimea inapoweza kuitumia. Ni sharti hili la hifadhi, zaidi ya elimu ya mkulima, lililoifanya samadi kuwa mali. Huku kwetu mkulima wa Ruai hununua mfuko wa mbolea ya DAP huku samadi ya Korogocho ikisombwa na Mto Nairobi. Wengi hulaumu ujinga. Mimi naona uzito: samadi ya nguruwe ni maji kwa sehemu kubwa, na hakuna mwenye mkokoteni atakayebeba maji hadi Ruai kwa hasara.

Hata hivyo, kuikausha na kuisafirisha hakutoshi, na hapa ndipo Denmark haitufai kama kielelezo. Kule metali nzito huingia kwenye samadi kupitia chakula cha kiwandani. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku dawa ya oksidi ya zinki kwa watoto wa nguruwe mwezi Juni 2022. Kwetu huingia kupitia jaa. Utafiti wa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) wa 2007 uliwachunguza watoto 328 wanaoishi karibu na jaa la Dandora, na karibu nusu ya waliopimwa damu walikuwa na mikrogramu 10 au zaidi za risasi katika kila desilita ya damu. Nguruwe wanaofukua jaa hilo hula udongo uleule. Risasi haiozi wala haipungui mboji inapoiva. Kadiri mboji inavyosinyaa, ndivyo risasi inavyokolea.

Watu hutaja tegu kama pingamizi kuu dhidi ya samadi ya nguruwe. Tegu wa nguruwe, Taenia solium, hutaga mayai katika utumbo wa binadamu. Nguruwe hubeba malengelenge tu nyamani, kwa hiyo anayehofia tegu aanze na vyoo. Minyoo ya Ascaris ni suala jingine, na joto la mboji iliyogeuzwa vizuri huiua. Suala la nguruwe kuwa najisi sitalijadili kwa vipimo vya maabara: Mwislamu wa Majengo ana haki ya kujua sukumawiki yake imekuzwa kwa samadi gani.

Sheria ya kilimo mjini ya Kaunti ya Nairobi ya 2015 ilitambua ufugaji wa mjini. Kanuni zake zitofautishe samadi ya nguruwe wa bandani na ya nguruwe wa jaani. Ya kwanza ikaushwe kwa maranda na ipelekwe Ruai na Kamulu. Ya pili isikaribie mboga za majani kabisa, wala nyasi za ng'ombe wa maziwa, hadi ipimwe risasi, na gharama ya kipimo ibebwe na kaunti, maana jaa la Dandora, lililofunguliwa 1975, sasa ni lake.