Kipasha injini

Kipasha injini ni kifaa cha umeme kinachopasha moto injini ya gari au mtambo kabla haijawashwa, katika maeneo ya baridi kali kama Alaska, kaskazini mwa Kanada na Siberia. Andrew Freeman wa North Dakota, Marekani, alipata hataza ya mojawapo ya aina za mwanzo mwaka 1949; chake kilifungwa mahali pa boliti ya silinda hedi. Aina iliyoenea leo ni elementi ndogo inayozama katika maji ya rejeta ndani ya bloku. Waya wake hutokeza mbele ya gari na kuchomekwa kwenye soketi. Mjini Fairbanks hata viegesho vya magari vina soketi hizo.

Kwenye nyuzi −30 za Selsiasi, oili huwa nzito mno, nayo betri imepoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake, hivyo stata hushindwa kuzungusha injini. Kuipasha kwa saa chache humaliza tatizo hilo. Tangi, hata hivyo, haliguswi: nta iliyomo katika dizeli ya kawaida huganda na kuziba chujio, kwa hiyo dizeli ya majira ya baridi haiepukiki.