Maji ya Kuchemshia Sindano

Nilipoanza kazi mwaka 1979, zahanati yetu kwenye uwanda wa Newala ilikuwa na mabomba 12 ya sindano, yote ya kioo. Kila jioni niliyahesabu. Kila bomba lilikuwa na namba yake, na mchi wake ulikuwa na namba hiyohiyo. Mchi wa namba 4 haukubali kuingia bomba namba 7. Ukiulazimisha, unakwama au dawa inavujia nyuma. Bomba moja likipasuka, siku ya kliniki inarefuka mpaka alasiri.

Asubuhi, kabla ya kumwita mgonjwa yeyote, nilitafuta maji. Uwanda ule ni mchanga. Mvua ikinyesha, maji yanazama, na chemchemi ziko mabondeni, mteremko wa kwenda na mlima wa kurudi na ndoo kichwani. Mama aliyekuja kujifungua alikuja na ndoo yake, na sehemu ya maji hayo ilikuwa ya sufuria ya sindano. Bibi mmoja aliyemleta binti yake aliitua ndoo mlangoni, akaniambia, "Mwanangu, haya nimeyabeba kwa shingo. Yachemke sawasawa."

Nami niliyachemsha sawasawa. Unatandika kitambaa chini ya sufuria ili vioo visigongane, unatenganisha mabomba na michi, unayalaza kwenye maji baridi, ndipo unawasha moto. Ukiyatumbukiza kwenye maji ya moto, yanapasuka. Dakika 20 zinahesabiwa tangu maji yaanze kutokota, si tangu uwashe jiko. Sindano zenyewe nilizipitishia waya mwembamba kuzizibua, kisha nikazinoa kwenye kijiwe. Kujua kama imenoleka, unaipitisha kwenye pamba: ikitoka na uzi, ncha ina kulabu, na kulabu hiyo itachana nyama ya mtoto. Unarudi kwenye kijiwe.

Watu waliipenda sindano kuliko vidonge. Mtu akipewa klorokwini ya kumeza aliona hajatibiwa. Nilidhani ni ukaidi tu, mpaka mzee mmoja jirani wa zahanati aliponieleza habari za buba. Katika miaka ya 1920 serikali ya Mwingereza iliziacha tawala za wenyeji zifungue vizahanati vidogo vyenye dresa, kijana aliyefundishwa kufunga vidonda na kugawa dawa chache, akilipwa kwa hazina ya tawala hizo. Wakati huohuo ikaja sindano ya bismathi kwa wagonjwa wa buba. Mtu aliyeishi na vidonda miaka, anayenuka, asiyeweza hata kukanyaga chini, alichomwa mara chache na ngozi ikafunga. Mzee yule alimwona mjomba wake akirudi shambani kwa miguu yake. Baada ya hapo, nani angemshawishi kwamba kidonge ni dawa? Imani niliyoikuta mimi ilijengwa na madresa wale, na hakuna anayewakumbuka kwa majina.

Zahanati yetu ilijengwa baadaye, wakati wa Operesheni Vijiji, watu walipokusanywa pamoja kati ya 1973 na 1976. Mwaka 1973 nilikuwa bado shuleni, na mama yangu alikuwa kwenye kikundi cha Mtu ni Afya, kampeni ya afya ya redioni, wakisikiliza redio chini ya mkorosho kisha wakaenda kuchimba vyoo. Nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni 2. Mwaka 1975 ukaanza mpango wa taifa wa chanjo, na mwaka huohuo Dk. Leader Stirling akawa Waziri wa Afya. Huku kusini wazee walimjua tangu alipokuwa akipasua wagonjwa Lulindi katika miaka ya 1930.

Chanjo ilileta kazi ya pili, kutunza baridi. Friji yetu ilitumia mafuta ya taa. Moto wake lazima uwe wa buluu. Ukigeuka njano, unafuka moshi, masizi yanaziba dohani, na friji inapata joto badala ya kupoa. Basi nilipiga magoti mbele yake asubuhi na jioni, kichwa kikigusa sakafu, nikikata utambi kwa mkasi. Baada ya vita vya Kagera mafuta yakawa haba. Lita chache zilizofika zilipaswa kutosha friji na jiko la sindano. Taa ya wodi ya wazazi nayo ilingoja zamu yake. Wiki moja mafuta yaliisha kabisa. Nilikaa nikitazama kipimajoto kikipita nyuzi 8, kisha 15, na chanjo yote ya surua ikaharibika. Siku ya kliniki akina mama walikuwa wameshafika, wengine wametembea tangu alfajiri. Niliwapima watoto uzito, nikawarudisha. Miezi michache baadaye surua iliingia kijijini. Majina ya watoto wawili niliowarudisha siku ile ninayo mpaka leo, na sitayaandika hapa.

Kisha ikaja hofu ya UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na habari ziliposhuka mpaka kwetu, watu walewale waliokuwa wakidai sindano wakaanza kuiogopa. Mama mmoja alikuja na bomba la plastiki alilonunua dukani, amelifunga kwenye pindo la kanga. Sikukasirika. Nilimkaribisha jikoni, akasimama pembeni ya sufuria dakika zote 20, mimi na yeye tukitazama saa. Tangu siku hiyo mlango wa jiko sikuufunga tena.

Mabomba ya kutumia mara moja, yanayojifunga yenyewe yakishasukumwa, yalienea miaka ya 2000, na jiko likabaki stoo. Nilipostaafu, nesi kijana aliyenipokea alikuta boksi la mabomba ya kioo nyuma ya madaftari, akaniuliza namba zile ni za nini. Nilitafuta bomba namba 4 na mchi wake, nikalichomeka. Nikaziba ncha kwa kidole gumba, nikauvuta mchi, nikauachia. Ukarudi wenyewe.