Kabureta ya Pikipiki za Kiingereza

Msomaji, ukibahatika kuiona pikipiki ya Kiingereza iliyoundwa katika miaka ya 1950 au 1960, inama uitazame nyuma ya silinda. Hapo pana chombo cha madini ya kijivu, kiasi cha ngumi ya mtu mzima, na aghalabu juu yake limepigwa chapa neno Amal. Hicho ndicho kabureta. Mwenye pikipiki hiyo atakuambia mengi juu yake, na si yote yatakuwa ya kuisifu.

Injini hainywi petroli tupu. Huvuta hewa iliyochanganywa na petroli, na hewa hiyo kwa uzani hukaribia mara 15 ya petroli. Petroli ikizidi, mchanganyiko huwa mzito, moshi mweusi hutoka, na plagi hufunikwa na masizi. Hewa ikizidi, mchanganyiko huwa mwepesi. Injini hupata joto kupita kiasi, hupiga chafya kupitia kabureta, na plagi hutoka nyeupe kama chokaa. Mbivu ni ile plagi yenye rangi ya hudhurungi.

Pikipiki za kwanza kabisa hazikuwa na chombo cha namna hii. Hewa ilipitishwa tu juu ya uso wa petroli iliyotulia ndani ya tangi, ikachukua mvuke wake ikaenda zake. Mwaka 1893 Mjerumani Wilhelm Maybach alibuni kabureta ya kunyunyiza, ambamo petroli hurushwa kwa mdomo mwembamba, na njia hiyo ndiyo iliyofuatwa na wengine. Uingereza ilikuwa na watengenezaji wengi wa kabureta wakishindana, hata mwaka 1927 watatu kati yao, Amac, Brown and Barlow, na Binks, wakaunganishwa. Jina Amal limekatwa kutoka neno la Kiingereza lenye maana hiyo ya kuunganisha. Kampuni ikakaa Birmingham, na tangu hapo Triumph, BSA, Norton na wenzao wengi walinunua kabureta zao huko.

Sasa fuata njia ya petroli, kwani asiyeijua njia hii hawezi kuutafuta ubovu. Petroli hushuka kutoka tangini mpaka katika kibakuli chenye boya. Kibakuli kikijaa, boya hupanda na kuufunga mlango. Petroli ikipungua, hushuka na kuufungua. Kutoka hapo petroli hupita katika vitundu vidogo viitwavyo jeti, ikakutana na hewa. Juu ya njia ya hewa pana kizibo, ambacho dereva hukipandisha kwa waya anapozungusha mkono wa mafuta katika usukani. Chini ya kizibo imening'inia sindano iliyochongoka, nayo huinuka pamoja nacho.

Amal waliwafundisha mafundi jambo moja lenye manufaa makubwa: kila sehemu ina zamu yake. Kizibo kikiwa kimefunguka chini ya sehemu moja ya nane, jeti ndogo ya mwendo wa taratibu ndiyo inayotawala. Kutoka hapo mpaka robo, hutawala mkato ulio chini ya kizibo. Kutoka robo mpaka robo tatu, ni sindano. Na zaidi ya hapo ni jeti kuu. Basi pikipiki inayokwenda vizuri barabarani lakini ikazimika kila inaposimama penye taa, haina haja ya kubadilishiwa jeti kuu. Na inayotulia vizuri ikisimama, kisha ikakosa nguvu mlimani mafuta yote yakiwa yamefunguliwa, usiisumbue jeti yake ndogo. Wengi hugeuza kila kitu kwa wakati mmoja, na jioni hawajui walichotengeneza wala walichoharibu. Fundi mzuri hugusa kitu kimoja, akaijaribu, ndipo akagusa cha pili. Tena huanza kwa kutazama cheche ya umeme, maana kabureta imelaumiwa mara nyingi kwa makosa ya waya.

Katikati ya miaka ya 1950 Amal walitoa kabureta iitwayo Monobloc. Hapo kwanza kibakuli cha boya kilikuwa chombo mbali, kilichofungwa kando. Sasa kikawa kitu kimoja na mwili wa kabureta. Lakini Triumph walipotengeneza Bonneville kwa ajili ya mwaka 1959, pikipiki ya silinda mbili na kabureta mbili, walizikata Monobloc vibakuli vyake, wakazipa zote mbili kibakuli kimoja kilichoning'inizwa katikati. Pikipiki ilikuwa na mbio sana, ila petroli ilisukwasukwa ndani ya kibakuli hicho, na injini ikakosa mafuta wakati dereva anapoyahitaji. Walikihamisha mahali; haikutosha. Zilipofika pikipiki za mwaka 1961, kila kabureta ilikuwa imerudishiwa kibakuli chake.

Ubovu mwingine ulikuwa katika madini yenyewe. Mwili wa kabureta ulitengenezwa kwa mchanganyiko wa zinki, na kizibo vilevile. Vitu viwili vya namna moja vikisuguana miaka mingi, huliana. Nafasi ikapatikana, hewa isiyoalikwa ikapenya, na injini haitulii hata ukiirekebisha skrubu kutwa nzima. Isitoshe, madini haya ni laini. Fundi mwenye mikono mizito akizikaza nati kwa nguvu, uso unaoungana na injini hupinda, na hewa huingia hapo pia. Dondosha mafuta mepesi kidogo penye kiungo injini ikizunguka. Mlio ukibadilika, umemwona mwizi.

Mwaka 1967 ikaja Concentric, ambayo kibakuli chake kiliwekwa chini, kikaizunguka jeti kuu. Ilikuwa nyembamba na rahisi kutengeneza kiwandani. Mimi naona hapo ndipo urahisi wa kiwanda ulipompa mwenye pikipiki taabu: jeti ndogo, ambayo katika Monobloc hufunguliwa kwa bisibisi, baadaye ilishindiliwa ndani moja kwa moja. Tundu lake ni jembamba sana, na petroli ikikaukia humo huacha utomvu.

Tena kulikuwa na kitufe cha kuibonyeza boya asubuhi ya baridi mpaka petroli imwagike nje. Marekani, iliyokuwa soko kubwa la Triumph, ilianza kuzitoza pikipiki za mwaka 1978 sheria za moshi, na Bonneville za huko zikapewa Amal mpya isiyo na kitufe. Kiwanda cha Meriden kilifungwa mwaka 1983.

Kabureta hazikufa pamoja nacho. Petroli ya Uingereza tangu mwaka 2021 huweza kuwa na kileo mpaka asilimia 10, nacho huharibu mipira na maboya ya zamani. Kampuni iliyorithi jina la Amal, iliyoko Salisbury, hutengeneza maboya yasiyodhuriwa na kileo na vizibo vya alumini iliyofanywa ngumu. Na katika Concentric zake zilizo bora, jeti ndogo hufunguliwa tena kwa bisibisi.