Gitaa la mzee wa Pweto na sauti ambazo hatukuzinasa

Leo nawaletea, wenyeji wa Kasomeno pamoja na ndugu zetu mliokimbia vijiji vyenu, historia kidogo ya muziki. Inaanza na kosa langu mwenyewe.

Jumamosi moja palikuwa na muziki hapa kwetu, kukaribisha familia zilizofika kutoka upande wa Pweto. Mimi nilifika saa nane mchana, watu hawajaja bado. Napenda saa ile ya kupima vyombo. Vijana wa bafle walikuwa wakihesabu moja, mbili, moja, mbili kwenye mikro. Pembeni alikaa mzee mmoja, naye ni mkimbizi wa ndani, juu ya bidoni ya njano. Gitaa lake lilibaki na nyuzi tano.

Akapiga kidogo, akasimama. Akawaambia, "Wanangu, hiyo grupu inaimba kuliko mimi." Vijana wakacheka, lakini wakaisogeza grupu nyuma ya nyumba na kuvuta waya mrefu. Mzee akaanza tena. Alipiga kwa vidole viwili tu, dole gumba na cha shahada. Dole gumba lilitembea kwenye nyuzi nene kama mtu anayekwenda safari, kile kingine kikaimba juu yake. Mama waliotoka kuchota maji wakatua ndoo zao wakasikiliza.

Nikamuuliza, "Mzee, nani alikufundisha?" Akasema, "Mwenda kwenye gramofoni, na Jim Reeves kwenye redio."

Vijana wengi hawajui majina hayo. Jim Reeves alikuwa mwimbaji wa country, yaani muziki wa watu wa mashambani kule Marekani. Alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1964, lakini sauti yake iliendelea kupendwa sana Afrika. Wala hakuwa wa kwanza kufika. Kabla yake kulikuwa na Jimmie Rodgers, mfanyakazi wa reli aliyeanza kurekodi mwaka 1927 na kufa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Santuri zake zilifika hadi kwa Wakipsigis wa Kenya. Wao wakaligeuza jina lake kuwa Chemirocha, wakamtungia wimbo kwa lugha yao.

Wimbo huo ulinaswa mwaka 1950 na Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini na kuzunguka nchi nyingi akirekodi muziki wa watu. Miaka miwili baadaye, mwaka 1952, Tracey alifika kwetu Katanga. Huko Jadotville, mji ambao leo tunauita Likasi, akakutana na kijana mwenye gitaa. Kijana huyo alikuwa Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya mwaka 1930, aliyejulikana baadaye kama Mwenda wa Bayeke.

Bunkeya ilikuwa makao ya mfalme Msiri, aliyeuawa mwaka 1891. Na hao Bayeke, asili yao ni ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Unyamwezi. Walikuja kwa miguu katika karne ya 19. Kwa hiyo mpiga gitaa ambaye Katanga nzima inajivunia alikuwa mjukuu wa watu waliokuja kutoka mbali. Hilo tulikumbuke tunapotazama familia zinazoshuka kwenye malori hapa Kasomeno, pale barabara ya Lubumbashi inapogawanyika, moja kwenda Kasenga, nyingine Pweto.

Tracey alikuwa na desturi ya kushika mikro kwa mkono wake mwenyewe. Aliisogeza karibu na mdomo, akaishusha kwenye nyuzi, hadi sauti na chombo vipatane. Ilikuwa kazi ileile ya vijana wetu waliosogeza grupu. Katika nyimbo alizozinasa kwa Mwenda mwaka ule umo Masanga, ambao wapiga gitaa wa nchi mbalimbali bado wanajifunza. Santuri za Mwenda zikasikika Kenya, Zambia na mbali zaidi. Yeye mwenyewe alikwenda Nairobi, na mwenzake Edouard Masengo, naye wa Katanga, akaishi na kupiga muziki huko.

Mwaka 1969 Mwenda alialikwa kwenye tamasha la Newport, Marekani. Mwaka huohuo Johnny Cash, mmoja wa wakubwa wa country, aliimba kwenye tamasha hilo. Fikirini: gitaa la Bunkeya na gitaa la country katika tamasha moja, mwezi uleule wa Julai ambao watu walikanyaga mwezi.

Mwenda alikufa mwaka 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia. Lakini vidole vyake vya mwaka 1952 bado tunavisikia, kwa sababu siku ile kulikuwa na mtu aliyesimama, akasikiliza, akabonyeza kinasa sauti.

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Wakati mzee wetu anapima gitaa, kinasa sauti kilikuwa mfukoni mwangu. Nilikizima ili nitunze betri kwa ajili ya hotuba za viongozi. Jioni watu walijaa, kelele zikawa nyingi, mzee akapewa wimbo mmoja tu, na bafle zikamfunika. Hotuba ninazo zote. Wimbo sina.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kumtafuta. Majirani wakaniambia ameondoka na wajukuu wake. Mmoja alisema Kasenga, mwingine akasema Lubumbashi.

Ndugu zangu, mtu anapokimbia vita huacha nyumba, shamba na mbuzi, lakini wimbo hutoka naye kichwani. Mwenye wimbo akifa njiani, wimbo nao unazikwa, na hakuna msaada wa unga au turubai unaoweza kuurudisha.

Basi ninaomba. Kama nyumbani kwenu kuna mzee au mama anayejua nyimbo za kijiji chake, niambieni. Nitakuja mapema, saa ya utulivu, kabla ya bafle kuwashwa. Tutaandika jina lake kama anavyotaka liandikwe, na kijiji alichotoka. Asipotaka kunaswa, nitakaa chini nisikilize tu.

Na wewe, mzee wa nyuzi tano, kama redio yako inashika huko uliko, tuma habari kwa dereva yeyote anayepita Kasomeno. Uzi wa sita nimeshaununua.